Hongereni Waosha Mazulia

Hongereni, vijana mnaoosha mazulia kwenye vituo vya kuoshea magari, hasa siku za kuelekea Idi, kazi inapofurika. Wengi huiona kazi ya nguvu tu, kumbe ina ujuzi wake. Kwanza mnalikung'uta zulia likiwa kavu, maana mchanga ukilowa hugeuka tope na kung'ang'ania kwenye mashina ya manyoya. Ndipo mnatia maji na sabuni, brashi ikifuata ulalo wa nyuzi. La sufu hamlimwagii maji ya moto, lisije likasinyaa. Mnalikamua kwa mpira mpaka maji yatoke safi, kisha mnalianika mgongo ukielekea jua, rangi isipauke. Halirudi kwa mwenyewe likiwa na unyevu, likanuka uvundo. Mnastahili shukrani, na malipo yasiyopigwa kalenda.