Tarehe Halisi, Majina ya Kubuni: Sauti ya Mhalifu katika Tamthilia za Kihindi na Funzo Lake kwa Utunzi wa Kiswahili

Tamthilia za uhalifu za Kihindi zinazoonyeshwa kwa njia ya intaneti zimehakikiwa zaidi kwa damu na matusi yake. Uhakiki wa namna hiyo unaacha kando nguzo inayozibeba, yaani tarehe. Katika *Sacred Games* (2018), iliyotokana na riwaya ya Vikram Chandra ya mwaka 2006, Ganesh Gaitonde ni mhusika wa kubuni. Hata hivyo, maisha yake yamefungwa kwenye matukio halisi: hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, kubomolewa kwa Msikiti wa Babri Desemba 1992, na milipuko ya Bombay Machi 1993. Kwa mbinu hiyo mkuu wa genge haonekani kuwa mwovu aliyezuka pasipo sababu, bali zao la siasa za udini na za kura.

Udhaifu wa kazi hiyo umo katika usimulizi. Gaitonde anajiua mwishoni mwa sehemu ya kwanza, lakini sauti yake inaendelea kusimulia. Mtazamaji anaipokea historia ya taifa kutoka kinywani mwa muuaji, na kila kifo kinageuka ngazi ya kupandia kwake. Waliouawa hawana nafasi ya kujibu. *Bambai Meri Jaan* (2023), inayofuata kwa karibu maisha ya Dawood Ibrahim chini ya jina la Dara Kadri, inajaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kumpa usimulizi Ismail, polisi mwadilifu na baba wa mhalifu. Hapo dhamiri inapata sauti. Hata hivyo, maumivu yanabaki ndani ya familia moja, na mtaa uliotozwa na kutishwa unabaki mandhari tu.

Inaweza kudaiwa kwamba utunzi wa aina hii hauwezekani katika mazingira ya Tanzania, ambako Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 imeweka masharti ya vibali, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaongezwa mwaka 2018. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshelezi. Nchini India nako *Sacred Games* ilifikishwa Mahakama Kuu ya Delhi kwa maneno yaliyomhusu Rajiv Gandhi, na mwaka 2021 watayarishaji wa *Tandav* waliomba radhi na kubadili baadhi ya maonyesho. Zaidi ya hayo, fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha njia. *Haini* (2003) ya Shafi Adam Shafi inabuni majina huku ikirejelea kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972, na kiini chake ni Hamza, mfungwa, wala si mwenye bunduki.

Mfano wa *Haini* una maana ya pekee kwa Arusha, mji ambao wanaapolo na mabroka wa tanzanaiti walikuwa wameuzoea kama soko lao. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi waliuawa jijini Dar es Salaam. Polisi walidai kuwa ni majambazi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Kipenka Musa ilibaini kuwa hawakuwa majambazi. Tukio hili linapindua swali la tamthilia za Kihindi. Zile zinauliza mtu anakuwaje jambazi. Hili linauliza nani ana mamlaka ya kumwita mtu jambazi, na jina hilo likishatamkwa, maiti inajitetea vipi. Kwa mji ambao broka alikuwa akitembea na mawe mfukoni na fedha mkononi, swali hilo si la mbali.

Kwa hiyo, kinachostahili kuazimwa kutoka India ni tarehe, si sauti. Mtunzi wa Kiswahili atakayemfanya mwenye silaha kuwa msimulizi atarudia kosa la Gaitonde kwa lafudhi ya nyumbani. Akibadili majina, akiacha miaka isimame ilivyo, na akamkabidhi usimulizi mjane au dereva wa teksi aliyekuwa akitafuta nauli tu, atakuwa ameandika tamthilia ya kisiasa inayomdai mtazamaji hukumu badala ya kumstarehesha kwa ujambazi.