Ramu Iliyodai Haki Yake Baada ya Miaka Miwili na Nusu

Oktoba 2022, katika majuma mawili ambayo kazi humlemea kuliko wakati mwingine wowote, kompyuta ya Linus Torvalds, mwanzilishi na mtunza mkuu wa Linux, ilianza kuangusha programu ovyo. Alikuwa akipokea mabadiliko ya kerneli ya Linux (moyo wa mfumo endeshi huo), toleo la 6.1, na kwa desturi yake kila akipokea fungu moja huikompaili kerneli, yaani huugeuza msimbo wake kuwa programu inayotumika, aone kama bado imesimama. Safari hii kazi ilikatika njiani. Alipoirudia, ikakatika mahali pengine. Dhana ya kwanza ilikuwa ile ambayo mtunza kerneli yeyote angekuwa nayo, kwamba kuna mtu ameleta msimbo mbovu. Akaiwasha mashine kwa kerneli ya zamani, tatizo likabaki palepale. Akaiacha ikeshe na memtest86+, programu ya kupima ramu, na hapo jibu likapatikana: kipande cha ramu kilikuwa kimeharibika, baada ya miaka miwili na nusu ya kufanya kazi bila doa.

Mashine ile haikuwa ya kubahatisha. Torvalds aliichagulia vifaa mwenyewe mwaka 2020, na karibu kila uamuzi alioufanya unaweza kutetewa hadi leo. Ndiyo sababu inafaa kuchambuliwa kifaa kwa kifaa. Mtu aliyeijua kazi yake vizuri alipata sawasawa alichokitafuta, isipokuwa mahali pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe, maana kompyuta ya kazi haichaguliwi dukani, huchaguliwa kwenye kazi. Torvalds hachezi gemu wala hahariri filamu. Siku yake hupita akisoma barua pepe, akiunganisha matawi ya msimbo, akikompaili. Kerneli ina maelfu kwa maelfu ya mafaili ya lugha ya C, na kila faili hukompailiwa peke yake bila kungoja jirani yake. Ni kama kuvuna shamba kubwa: ukiongeza mikono, mavuno yanakwenda haraka. Na matokeo ya jasho hilo yamo mfukoni mwa msomaji yeyote mwenye simu ya Android, kwa sababu chini ya simu hiyo inakimbia kerneli hiyohiyo.

Mei 2020, alipotangaza toleo la majaribio la 5.7, Torvalds alidokeza kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama 15 kompyuta yake ya mezani haikuwa ya Intel. Alikuwa amehamia AMD, kwenye prosesa ya Threadripper 3970X yenye viini 32, yaani mikono 32 ya kuvuna, na nyuzi 64. Jaribio lake la kukompaili kila kitu lilikwenda kasi mara tatu kuliko zamani.

Kwa nini 32? Sokoni wakati huo palikuwa na ngazi tatu zinazostahili kulinganishwa. Ryzen 9 3950X ilikuwa na viini 16 kwa dola 749. 3970X ilikuwa na 32 kwa dola 1,999. Juu kabisa palikuwa na 3990X, viini 64 kwa dola 3,990. Mnunuzi mwenye haraka huona hesabu rahisi, kwamba viini vikizidi mara mbili kazi nayo itaisha kwa nusu ya muda. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alikwisha kuonyesha kwamba haiwi hivyo. Kila kazi ina sehemu isiyogawanyika, na katika kukompaili sehemu hiyo ni pale vipande vyote vinapofungwa pamoja mwishoni. Tuchukue mfano wa kazi ambayo asilimia 5 yake haigawanyiki. Viini 16 vitaiharakisha kama mara 9, viini 32 mara 12.5, na viini 64 mara 15.4 tu. Kutoka ngazi ya pili hadi ya tatu bei inakuwa maradufu, na faida haifiki hata robo. Sehemu hiyo ikishuka hadi asilimia 1, picha inabadilika kabisa: 32 vinatoa mara 24 na 64 vinatoa mara 39. Kwa hiyo anayenunua prosesa bila kuijua asilimia ya kazi yake ananunua gizani.

Hata hivyo hesabu ya Amdahl haioni moto. 3970X na 3990X zote mbili zimepangiwa wati 280. Gawanya: kila kiini cha prosesa ya kwanza kina karibu wati 9, cha prosesa ya pili hakifikishi wati 4.5. Ndiyo maana kasi ya msingi inashuka kutoka gigahezi 3.7 hadi 2.9. Halafu kuna njia za kumbukumbu. Prosesa zote mbili zina mikondo minne ya ramu ya DDR4, yenye jumla ya gigabaiti 102 hivi kwa sekunde. Vile viini 64 vinagawana kisima kilekile cha vile 32. 3950X nayo ina mikondo miwili, nusu ya hapo. Ukiziweka sababu hizi pamoja, 32 ndiyo ngazi ambapo viini, joto na kumbukumbu havikabani koo. Kwa kazi ya kukompaili, mwandishi wa makala haya haoni chaguo la mwaka ule lililokuwa bora zaidi.

Vifaa vingine havihitaji maneno mengi. Kadi ya picha ni ya lazima kwa sababu 3970X haina picha za ndani, lakini kwa mtu anayetazama maandishi kutwa, kadi ya kawaida inatosha. Diski ya SSD ya kasi huonekana kwenye usomaji wa kwanza. Baadaye msimbo wote unakaa kwenye ramu. Kiasi cha ramu hufuata nyuzi: kazi 64 zikienda kwa pamoja, kila moja ikitengewa gigabaiti moja tu, tayari unahitaji 64. Feni ni suala jingine. Torvalds amesema mara nyingi kwamba hataki kusikia mashine yake, na kupoza wati 280 kimyakimya kunadai kipoza kikubwa chenye feni pana zinazozunguka polepole. Feni ndogo huusukuma upepo uleule kwa kuzunguka mbio, na mbio ndizo zinazopiga kelele.

Sasa turudi kwenye ramu.

Ramu ya kawaida ina chipu 8 kwa kila upande unaotumika, na kila safari hubeba biti 64 za data. Ramu ya ECC huongeza chipu ya 9, yenye biti 8 za ukaguzi. Fikiria karani wa ghala anayeandika idadi ya magunia yanapoingia na kuyahesabu tena yanapotoka. Biti moja ikigeuka, mashine inaitambua ni ipi na kuirekebisha papo hapo. Zikigeuka mbili, haiwezi kurekebisha lakini inapaza sauti. Bila karani huyo, gunia likipungua hakuna anayejua.

Na magunia hupungua. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya kufuatilia seva za Google: zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu vilionyesha kosa angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka 2014 watafiti wengine wakaonyesha kwamba kusoma mstari mmoja wa kumbukumbu kwa kurudiarudia kunaweza kugeuza biti za mstari wa jirani, jambo linaloitwa Rowhammer.

Torvalds aliyajua haya. Januari 2021 aliilaumu Intel hadharani kwa kuifanya ECC kuwa mali ya seva na kuwanyima watumiaji wa kawaida, akaisifu AMD kwa kuacha angalau mlango wazi. Jukwaa la 3970X lilikuwa linaikubali ramu hiyo. Lakini mashine yake ilijengwa siku za mwanzo za UVIKO, wakati ramu ya ECC haikupatikana kwa bei yenye akili, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye. Akaweka ya kawaida, akanuia kuibadilisha, mashine ikaenda vizuri, na nia ikabaki nia.

Gharama yake haikuwa bei ya kipande cha ramu. Ilikuwa muda wa kumtafuta mkosaji asiyekuwepo ndani ya msimbo wa watu, katika siku ambazo mabadiliko kwa maelfu yalikuwa yanasubiri. Alilazimika kuendelea kwa laptopu, akipunguza majaribio, huku ramu ya ECC ikiwa njiani. Na hilo ndilo kosa lenye huruma, kwa sababu lilijitangaza kwa kuangusha programu. Biti iliyogeuka ndani ya data haiangushi chochote. Git, programu ya kutunza msimbo ambayo Torvalds aliiandika mwaka 2005, huupa kila mchango alama ya kihesabu inayofichua kosa lolote likitokea baadaye. Ila biti ikigeuka kabla ya alama kuwekwa, kosa linatiwa muhuri kama ukweli na kusambazwa hivyo.

Wanunuzi wa leo watakutana na ramu ya DDR5 inayotangazwa kuwa na ECC ndani ya chipu. Si kitu kilekile. Ukaguzi huo unaishia ndani ya chipu. Njia ya kutoka hapo hadi kwenye prosesa haina mlinzi, na mfumo hauarifiwi chochote. Anayefanya hesabu za fedha, vipimo vya hospitali au usanifu wa majengo aulize kama ramu, madabodi na prosesa vyote vitatu vinakubali ECC kamili. Kimoja kikikataa, vingine viwili havisaidii.

Mwishoni mwa 2025 Torvalds alijengewa mashine nyingine mbele ya kamera za kipindi cha Kanada cha Linus Tech Tips. Safari hii hakupanda ngazi ya viini, alishuka: Threadripper 9960X yenye viini 24, vipya na vyenye kasi zaidi kila kimoja. Kadi ya picha ilikuwa Intel Arc B580, ya bei ya kawaida. Ramu ilikuwa ya ECC tangu siku ya kwanza. Madabodi za jukwaa hilo, TRX50, hupokea ramu ya aina ya RDIMM tu, ambayo huuzwa ikiwa na chipu zake za ukaguzi, kwa hiyo hakukuwa na ya kawaida ya kushikilia nafasi hadi bei itulie.