Mshauri wa Biashara ya Nyumba: Tazama Anakula Wapi

Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, pamoja na jimbo la Utah, iliishtaki kampuni iitwayo Zurixx. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwafundisha watu biashara ya kununua nyumba chakavu, kuzikarabati na kuziuza kwa faida. Shauri lile lastahili kusomwa na kila anayetaka kuanza kazi hii, kwa sababu linaonyesha hatua kwa hatua jinsi hamu ya kupata mshauri ilivyogeuzwa kuwa bidhaa.

Hatua ya kwanza ilikuwa semina ya bure, ikitangazwa kwa sura za watu maarufu wa vipindi vya televisheni vya ukarabati wa nyumba. Kwenye semina hiyo kiliuzwa kiti cha mafunzo ya siku tatu kwa dola 1,997. Mafunzo nayo yakawa mlango wa kuuzia vifurushi vya juu zaidi, ambavyo bei yake ilifika hadi dola 41,297. Kwa mujibu wa mashtaka, washiriki walihimizwa kuongeza kikomo cha kadi zao za mkopo. Shauri lilimalizika mwaka 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 12.

Ukiuchambua mpango huo, utaona kwamba pesa ya mwalimu ilikamilika siku mwanafunzi alipolipa ada. Mwanafunzi anunue nyumba au asinunue, apate faida au afilisike, mwalimu hakupungukiwa kitu. Ndiyo maana kipimo changu cha mshauri ni kimoja: analipwa na nyumba, au analipwa na mwanafunzi? Anayelipwa na nyumba hawezi kukuacha ununue vibaya, maana hasara yako itamfikia na yeye.

Watu wa namna hiyo wapo, na Marekani kuwapata hakuhitaji kiingilio. Katika majimbo mengi, kaunti ina ofisi inayosajili hati za umiliki, na kumbukumbu zake ni za umma. Tafuta nyumba zilizonunuliwa na kuuzwa tena ndani ya mwaka mmoja katika mtaa unaoulenga. Jina la mtu au kampuni likijirudia mara nne au tano, huyo anaifanya kazi kweli. Tumia njia hiyo hiyo kumpima anayejiita bingwa: kama jina lake wala la kampuni yake halionekani popote kwenye hati, mwombe akuonyeshe nyumba alizouza. Mwingine wa kumtafuta ni mkopeshaji binafsi wa muda mfupi. Riba yake ni kubwa, lakini nyumba ndiyo dhamana yake, na fedha za ukarabati huzitoa kwa awamu baada ya mkaguzi kuona kazi iliyofanyika. Akilikataa pendekezo lako, muulize sababu. Hilo ni somo la bure kutoka kwa mtu mwenye fedha zake mezani.

Sasa, usiende kwao na ombi la kufundishwa tu. Nenda na hesabu. Wenye kazi hii huanza na kanuni ya asilimia 70: chukua bei ambayo nyumba itauzwa ikishakarabatiwa, tafuta asilimia 70 yake, kisha toa gharama za ukarabati. Nyumba itakayouzwa dola 300,000 na inayohitaji matengenezo ya dola 60,000 isinunuliwe kwa zaidi ya dola 150,000. Ile asilimia 30 iliyobaki hubeba riba, bima, kodi, ada za madalali na faida yako.

Weka karatasi hiyo mbele ya mzoefu, na hapo ndipo ushauri unapoanza. Atakuuliza nyumba ulizolinganisha nazo ziliuzwa lini, na kama ziko mtaa ule ule. Atauliza kama fundi bomba amepitisha kamera kwenye njia ya majitaka, kwa sababu nyumba za miaka ya 1950 mara nyingi zina mabomba ya udongo yaliyoingiliwa na mizizi. Kazi hiyo ikiongeza dola 15,000, bei yako ya juu inashuka hadi 135,000. Atakukumbusha kwamba nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ina kanuni zake za kushughulikia rangi yenye risasi. Na atakwambia kwamba ukisaini mkataba wa kuuza kabla siku 90 hazijapita tangu uinunue, mnunuzi anayetegemea mkopo wenye bima ya FHA, wakala wa serikali kuu unaowekea bima mikopo ya nyumba, hataweza kuichukua. Siku hizo 90 riba inaendelea kutembea, kwa hiyo ziingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ukishampata aliye tayari, andikianeni kwa nyumba moja tu. Wewe toa kazi: tafuta nyumba, fuatilia vibali, simamia mafundi, tunza risiti. Yeye atoe macho yake na wakopeshaji wake, na malipo yake yawe sehemu ya faida baada ya kuuza. Anayekubali masharti hayo ameiamini nyumba na amekuamini wewe. Anayetaka alipwe kwanza, kabla hata hajaona karatasi yako, hana sababu ya kuijali nyumba utakayonunua. Mshukuru, kisha endelea kutafuta.