Amana ya Maneno ya Mwenzio

Jioni moja huku Busanza, Rwanda, ndege zikishuka Kanombe kwa mngurumo ukatizao mazungumzo, nilimkuta binti wa jirani barazani, daftari mapajani, akidurusu Kiholanzi. Maana Uholanzi, tangu mwaka 2006, humtaka mke au mume atokaye nchi kama yetu afaulu mtihani wa lugha kabla ya kupewa idhini ya kumfuata mwenzake. Mtihani wenyewe ni wa daraja la mwanzo, lakini yeye, kwa tamaa njema ya elimu, alikuwa amekwisha kuuvuka na kufika penye ufundi hasa: namna ya kusimulia aliyoyasema mtu mwingine.

“Mzee, kitenzi kimekwenda wapi?” akaniuliza.

Katika sentensi huru, hij komt morgen, yaani anakuja kesho, kitenzi hukaa nafasi ya pili; lakini neno dat, ambalo ndilo kwamba yao, likishika mlango, kitenzi huinuka kitini kwake kikaenda kuketi mkiani: hij zegt dat hij morgen komt. Sentensi ikirefuka, ikatiwa ndani yake kaka, jana, basi na mji wa Huye, msikilizaji hana budi kustahimili mpaka mwisho ndipo ajue kama huyo kaka alifika au alikwama njiani. Mimi huona adabu kubwa katika taratibu hiyo, kwani haimpi mtu nafasi ya kumkatiza msemaji.

Na Mnyarwanda si mgeni wa kukingoja kitenzi kitoe hukumu. Ejo yetu ni jana na ni kesho pia: yavuze ko yaje ejo, alisema kwamba alikuja jana, yavuze ko azaza ejo, alisema kwamba atakuja kesho. Tena tuna ngo, neno dogo la insafu, ambalo mpokezi wa habari hulitanguliza ili ajulikane kuwa anafikisha tu, wala hakuyashuhudia. Hata kwamba ya Kiswahili, tuitumiayo bila kuitazama usoni, asili yake ni kitenzi kikongwe, kuamba, maana yake kusema. Kimestaafu, lakini bado kinabeba maneno ya watu.

Nilimweleza hayo kwa kirefu, pengine kupita kiasi, kama ilivyo desturi ya wazee. Yeye akaifuta sentensi yake, akaiandika mara ya tatu, na safari hii komt ikakaa mwisho.