Bango la Kabareti na Tangazo la Dansi: Nani Anatazama, Nani Anacheza?

Wapo ndugu zetu, hasa miongoni mwa makada wa siku nyingi, ambao wakisikia neno kabareti hufunga mjadala papo hapo. Kwao picha za majumba ya starehe ya Paris ni uozo wa mabwanyenye, na uozo hauchambuliwi, hufagiliwa. Wapo pia vijana wetu vyuoni waliozikuta picha hizo hizo zimechapwa upya juu ya vikombe na fulana, paka mweusi mwenye macho ya njano, mwanamke anayerusha mguu, nao wanatuambia kwamba hii ni sanaa safi isiyo na tabaka wala upande. Makundi haya mawili yanapingana kwa sauti kubwa, lakini hakuna hata moja lililoziangalia picha zenyewe. Sisi tunataka kuziangalia, tena tukiwa tumesimama mahali petu, mkoani Mara, kati ya Musoma, Bunda na Butiama, ambako suala la nani aandike nini juu ya ukuta wa umma lina historia yake.

Tuanze na kilima. Montmartre ni mtaa wa kilimani kaskazini mwa Paris. Alfajiri ya tarehe 18 Machi, 1871, jeshi la serikali lilipanda kilima hicho kuwanyang'anya wananchi mizinga yao, na wananchi, wanawake wakiwa mbele, wakakataa. Hapo ndipo Komuni ya Paris ilipoanzia. Kwa muda wa miezi miwili wafanyakazi waliushika mji, na maazimio yao waliyabandika kutani kwa karatasi za chapa, herufi tupu, bila urembo wo wote. Mwezi Mei Komuni ilizamishwa katika damu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1881, sheria ya tarehe 29 Julai ililegeza masharti ya kuchapa na kubandika matangazo, na mwaka huo huo Rodolphe Salis alifungua Montmartre kabareti yake ya Le Chat Noir, yaani Paka Mweusi. Tarehe 6 Oktoba, 1889, wafanyabiashara Joseph Oller na Charles Zidler wakafungua Moulin Rouge. Kilima ambacho tajiri alikuwa akikiogopa kikawa mahali pa tajiri kwenda kunywa, kucheka na kuutazama umaskini kwa kiingilio. Kuta zilizobeba maazimio ya wafanyakazi sasa zilibeba mwaliko wa starehe. Msomaji asiyeujua mpangilio huu wa miaka ataziona picha hizi kama maua yaliyoota penyewe.

Nyenzo iliyowezesha jambo hili ilikuwa chapa ya jiwe, lithografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa wino wenye mafuta; jiwe hulowanishwa maji; na kwa kuwa maji na mafuta havipatani, wino wa kuchapia hushika pale tu palipochorwa. Kila rangi huhitaji jiwe lake. Jules Chéret, aliyezaliwa mwaka 1836, mtoto wa mpanga herufi wa kiwanda cha chapa, alianza kazi hii akiwa mwanagenzi wa miaka 13. Aliikuza Uingereza, na mwaka 1866 akaanzisha karakana yake Paris. Alichora mabango zaidi ya 1,000, likiwamo lile la kwanza la Moulin Rouge.

Hapa ndipo penye jambo linalotupasa kulitafakari kwa makini. Chéret alitoka tabaka la wafanyakazi. Lakini wanawake wake wote wanatabasamu tabasamu moja, wepesi kama unyoya, hawana jasho, hawana umri, hawana kesho. Mtoto wa mfanyakazi alimchorea bwanyenye ndoto ya bwanyenye, na mwaka 1890 serikali ikamvisha nishani. Henri de Toulouse-Lautrec, kwa upande wake, alizaliwa mwaka 1864 katika ukoo wa makabaila wa Albi. Miguu yake ilivunjika utotoni na haikurefuka tena. Mwaka 1891 Moulin Rouge ilimwagiza bango, naye akalichora kwa namna ambayo Paris ilikuwa haijaiona. Katikati yumo mcheza dansi aliyeitwa La Goulue, yaani Mlafi, amenyanyua mguu. Mbele yake kuna kivuli cha kijivu cha mwanamume mwembamba mwenye pua na kidevu kirefu, mcheza mwenziwe. Nyuma yao wamejipanga watazamaji, na wote ni weusi tii, kofia na mabega tu, hawana nyuso.

Tukae kidogo kwenye watazamaji hao. Hao ndio waliolipa. Hao ndio ambao tangazo lilikuwa likiwaita. Na mchoraji amewaondolea nyuso, akaziacha rangi na uhai kwa yule anayefanya kazi. Hatudai kwamba Lautrec alikuwa mwanamapinduzi. Hakuwa, na wala hakujali siasa. Lakini mkono wake ulisema kweli kuliko tabaka lake. Engels, katika barua aliyoiandika mwaka 1888 juu ya mwandishi Balzac, alilieleza jambo la namna hii: mtu aliyekuwa upande wa wafalme lakini kalamu yake ikawaumbua. Kada anayeamua thamani ya picha kwa kuuliza tu mchoraji ametoka ukoo gani atamvisha nishani Chéret na kumfukuza Lautrec. Hilo ni kosa, na tumelifanya mara nyingi tu katika vikao vyetu vya utamaduni.

Na yule mcheza dansi? Jina lake halisi lilikuwa Louise Weber, binti wa dobi, aliyezaliwa mwaka 1866. Jina la Mlafi lilikuwa la kubandikwa. Aliondoka Moulin Rouge mwaka 1895 kujitafutia riziki yake mwenyewe, akashindwa, na kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa akichuuza vitu vidogo vidogo karibu na jumba lile lile. Alikufa maskini mwaka 1929. Karatasi yenye picha yake wakati huo ilikwisha kuwa mali ya thamani. Tangu miaka ya 1890 wakusanyaji walikuwa wakiyabandua mabango usiku kabla gundi haijakauka, na kati ya 1895 na 1900 yakachapwa upya kwa umbo dogo, picha 256, kwa ajili ya kuwekwa kabatini na wenye fedha. Hivi ndivyo kazi ya mikono ya wengi inavyohama barabarani na kuingia sandukuni kwa mmoja.

Théophile Steinlen, mzaliwa wa Uswisi aliyechora yule paka mweusi mwaka 1896, alichorea pia magazeti ya wasoshalisti. Mwaka huo huo wa 1896 alichora bango kubwa liitwalo La Rue, Barabara, lenye watu wa kimo halisi: dobi na kapu lake, vibarua, yaya, bwanyenye mwenye kofia, wote wakitembea kando kwa kando. Lilikuwa tangazo la mchapaji tu. Hata hivyo mfanyakazi wa Paris alipopita mbele yake alijiona mwenyewe ukutani, si kama kiburudisho cha mtu.

Kwetu Waafrika hesabu haiishii hapo. Tarehe 2 Oktoba, 1925, Josephine Baker, binti mweusi wa miaka 19 kutoka Marekani, alipanda jukwaani Paris katika onyesho la La Revue Nègre. Bango lake lilichorwa na Paul Colin. Mbele wapo wanaume wawili weusi wenye midomo mikubwa myekundu, macho yamewatoka, kana kwamba wamechongwa kwa kuchekwa. Kwa ufundi ni bango zuri: mistari michache, rangi chache, mwendo mwingi. Na hapo ndipo hatari yake ilipo. Huo ulikuwa wakati ambao Ufaransa ilikuwa ikitawala sehemu kubwa ya Afrika, na mtu aliyepita mbele ya karatasi hiyo alirudi nyumbani na somo juu yetu bila kujua kwamba amefundishwa. Baker mwenyewe baadaye alifanya kazi ya siri dhidi ya Wanazi, akahutubia maandamano ya Washington mwaka 1963, na mwaka 2021 Ufaransa ikamwingiza katika Panthéon pamoja na mashujaa wake. Midomo ile myekundu bado inauzwa madukani. Kijana anayetuambia kwamba bango halina upande aanze kutueleza bango hilo.

Sasa turudi nyumbani. Butiama, katika ngoma za wazee wetu, hapakuwa na bango, na sababu si kwamba hapakuwa na karatasi. Ngoma ikilia ilikuwa yenyewe tangazo. Aliyeisikia alikuja, na aliyekuja hakuja kutazama watu wa kukodiwa; alikuja kucheza, kuitikia, kupiga makofi. Ukurya litungu lilifanya kazi hiyo hiyo. Bango huzaliwa pale mlango unapowekwa na kiingilio kutozwa. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, katika hotuba yake ya urais ya tarehe 10 Desemba, 1962, alipotangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba tuliosoma tulikuwa tukiijua rumba na dansi za kizungu, na ngoma zetu wenyewe hatuzijui. Wako waliotafsiri hotuba hiyo kuwa amri ya kuchukia dansi. Sisi hatuoni hivyo, na historia ya Musoma haioni hivyo.

Maana Musoma ilikuwa na dansi yake. Mara Jazz, wana Sensera, walikuwa bendi ya mji huu kama Morogoro ilivyokuwa na yake na Tabora yake. Tangazo la dansi la miaka hiyo lilikuwa herufi tupu: jina la bendi, mtindo, ukumbi, siku, kiingilio. Hakuna mguu ulionyanyuliwa. Wengine watasema ni umaskini wa mitambo, na kweli hatukuwa na karakana za chapa ya jiwe. Lakini ipo sababu ya ndani zaidi. Moulin Rouge iliuza kutazama. Kwa hiyo ilibidi imchore anayetazamwa. Ukumbi wa Musoma uliuza nafasi ya kucheza. Mcheza dansi hakuwa kwenye karatasi kwa sababu alikuwa amesimama mbele yake anaisoma. Jina la mtindo lilitosha, kwa kuwa kila mtu alikwisha kulijua kwa miguu yake. Dansi ya mjini, pamoja na kiingilio chake, ilibakiza kitu cha Butiama ambacho kabareti ilikuwa imekipoteza, na makada tuliokuwa tukiikemea kama kasumba hatukuliona hilo.

Tuliosimamia elimu ya watu wazima tunayo ya kukiri pia. Kuanzia 1968 hadi 1972 mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, wenye vitabu vya pamba, uvuvi, ng'ombe na mambo ya nyumbani. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, na Novemba 1974 Azimio la Musoma juu ya elimu. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Ushindi huo hatuubezi. Lakini mkulima wa pamba wa Bunda aliyehitimu kisomo alitoka darasani akakuta ukutani nini? Amri. Palilia, nyunyizia, choma masalia. Karatasi moja pale gulioni ilimwalika, nyingine zote zilimfokea. Na tunakumbuka vema ni ipi aliyokuwa akiisoma hadi mwisho, akiifuata kwa kidole, kisha akamsomea mwenziwe. Tulimlaumu kwa kupenda anasa. Hatukujilaumu kwa kuchora vibaya.

Na tulikuwa tunajua kuchora. Katika uchaguzi wa 1965, wagombea wawili wa kila jimbo, wote wa TANU, walipewa alama za jembe na nyumba. Michoro miwili midogo, rangi moja, na mama asiyejua herufi alipiga kura yake bila kuulizana na mtu. Hata hapo watu walibishana kama jembe halimpendelei aliyelipata, kwa kuwa jembe kwetu ni kazi na heshima. Mabishano hayo yalikuwa uhakiki wa sanaa, uliofanywa na wakulima, bora kuliko mwingi tuliouandika sisi.

Leo barabara kuu ipitayo Bunda kwenda Musoma na Sirari imejaa mabango ya plastiki ya bia na simu, na wakati wa uchaguzi ya wagombea. Fundi wa brashi aliyekuwa akiandika majina ya maduka na kuchora kuta za baa amekosa kazi. Bia inatuletea Chéret: tabasamu moja, umri mmoja, hakuna jasho. Mabango ya Chama chetu yanaleta sura ya mgombea na jina lake. Mvuvi wa Musoma hayumo, mkulima wa Bunda hayumo, kama watazamaji wa Lautrec, ila wetu hatukuwaacha hata na kofia. Kinachohitajika kuanza si mtambo. Ni ukuta wa ofisi ya kata, rangi za kopo tatu, fundi mmoja alipwe ujira wake kamili kama anavyolipwa mwenye mtambo wa plastiki, na wanakijiji waketi naye siku mbili kabla hajagusa ukuta. Fungu la matangazo lipo katika kila bajeti ya uchaguzi. Hatujaona kikao kilichojadili kumpa.