Stelingi Hafi: San Andreas ya Waandishi na San Andreas ya Kibandani

Kuna hoja inayorudiwarudiwa kila vijana wa rika letu wanapokutana, kwamba gemu iitwayo Grand Theft Auto: San Andreas ni kazi bora kwa kuwa tuliicheza utotoni. Hoja hii ni dhaifu na mhakiki hawezi kuipokea hivihivi. Utamu wa zamani si kipimo cha sanaa. Hata uji wa shule ya msingi ukiukumbuka leo unakuwa mtamu. Lakini wale wanaojibu kwamba, basi, gemu yenyewe ni upuuzi wa kuiba magari na kupiga watu risasi, nao wamepotea, tena zaidi. Swali la kuuliza ni jingine: tunapoikumbuka San Andreas, tunaikumbuka kazi ipi hasa? Kwa mtazamo wetu ziko mbili.

Ya kwanza ni ile ya waandishi. Ilitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, ikiwa imetengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh, huko Uskoti. Mandhari yake ni jimbo la kubuni la Marekani, mwaka 1992. Mhusika mkuu, Carl Johnson au CJ, anarudi Los Santos, mji uliofinyangwa kwa mfano wa Los Angeles, baada ya kukaa mbali miaka mitano. Kinachomrudisha ni kifo cha mama yake. Kabla hajafika nyumbani polisi wanaisimamisha teksi yake, wanamnyang'anya fedha, wanamtishia kumbambikia kesi ya kumuua askari, halafu wanamtupa katika mtaa wa maadui zake. Huo ndio mwanzo, na CJ hajashika hata bunduki! Kiongozi wa polisi hao, Tenpenny, aliyetiwa sauti na Samuel L. Jackson, ndiye mhusika aliyechorwa vizuri kuliko wote. Ni mcheshi, ana akili, na uovu wake anautetea kwa mantiki.

Dhamira kuu hapa ni kurudi nyumbani na kukuta nyumba siyo ile. Sweet, kaka yake CJ, anamlaumu kwa kukimbia. Big Smoke na Ryder, marafiki wa tangu utotoni, wamekwisha kujiuza kwa adui, naye hajui. Baadaye CJ anatajirika, na Sweet anapotoka gerezani anataka kumwonyesha mali. Sweet hataki hata kuiona. Anadai warudi mtaani. Wanarudi, wanaukuta mtaa umeliwa na dawa za kulevya. Je, Sweet ni mtu mwaminifu, au amemng'ang'ania marehemu? Waandishi hawajibu, na wamefanya vema. Kisha Tenpenny anaachiwa na mahakama, na mji mzima unalipuka. Asiyejua historia atadhani ni mbwembwe za gemu tu, kumbe tukio limechotwa moja kwa moja kutoka Los Angeles, ambako ghasia zilizuka tarehe 29 Aprili 1992 baada ya polisi waliompiga Rodney King kutopatikana na hatia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani, na msomaji hakushindwa kuona ardhi chini yake. Ndivyo ilivyo hapa.

Upungufu upo, na hatuwezi kuufumbia macho. Wanawake wamechorwa ovyo. Catalina ni wazimu na makelele tu. Kendl, dada yake CJ, ambaye ndiye mwenye busara katika familia ile, hapewi nafasi ya kutosha. Mama mwenyewe, ambaye kifo chake kinausukuma mtiririko wote, ni kaburi na picha.

Sasa tuje kwa San Andreas ya pili, ile ya kibandani. Hii haikuandikwa na mtu wa Edinburgh. Mtoto aliingia na sarafu yake ya shilingi 200, akapewa padi, na saa ikaanza kuhesabu. Memori kadi haikuwepo, au ilikuwa mfukoni mwa mwenye kibanda. Kwa hiyo kila siku ilikuwa siku ya kwanza: teksi, polisi, baiskeli. Zile sehemu za mazungumzo tulizikata kwa kubonyeza X maana muda ni hela, na kile Kiingereza cha mitaani nani angekielewa? Hakuna aliyefika kilele. CJ wetu hakuwa na mama wala msiba, wala hakusalitiwa na mtu.

Walimu wetu hutuambia kwamba fani na maudhui havitenganishwi. Jamani, shilingi 200 ilivitenganisha! Maudhui yalitupita kabisa, lakini fani tuliijua kama viganja vyetu. Chiti, yaani ule mfuatano wa vibonyezo unaokuletea kifaru au mkoba wa kurukia angani, tuliziandika nyuma ya daftari la hesabu, tukazikariri kuliko jedwali la kuzidisha. Ule msemo wa mabanda ya video kwamba stelingi hafi, hapa ulikuwa sheria: CJ anakufa, kioo kinafifia, anaamka mlangoni pa hospitali bila silaha, fedha kidogo zimekatwa. Pengo lililoachwa na maudhui tulilijaza wenyewe. Aliyeshika padi alikuwa fanani. Kumi waliosimama nyuma yake walikuwa hadhira, wakimwelekeza, wakimzomea, wakimsimulia mambo ya ng'ambo ya daraja. Kulikuwa na jitu lenye manyoya mlima Chiliad. Halimo katika gemu ile, lakini kila mtaa ulikuwa na mtu ambaye binamu yake ameliona. Kama hiki si kisasili, sijui kisasili ni nini.

Mwaka jana nimeimaliza gemu hii hosteli, peke yangu, nikiihifadhi kila hatua. Ile ya waandishi ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Makaburini kwa mama yake nilikaa kimya kabisa. Ila haikuwa ile ninayoikumbuka, na haiwezi kuwa, kwa sababu ile haimo ndani ya diski.

Wauzaji wa kumbukumbu hawajalielewa hili. Novemba 2021 lilitoka toleo lililofanyiwa ukarabati, na lilikuwa na kasoro nyingi hata kampuni ikaomba radhi. Watu walilalamikia sura za wahusika na mvua isiyoonekana kama mvua. Mimi nalalamikia ukungu. Katika gemu ya 2004 ukungu uliwekwa kwa sababu mashine haikuweza kuchora mbali. Toleo hilo lilipotoka walikuwa wameuondoa, na ulipopaa na ndege uliona jimbo zima, dogo kama kiwanja cha shule. Mlima Chiliad ulikuwa pale, mweupe peupe, na lile jitu halikuwa na pa kujificha.