Lakabu na Mwenye Lakabu

Mtu hupewa jina angali mchanga, wala haulizwi. Lakabu ndiyo jina ambalo mtu mzima aweza kujitungia mwenyewe, na kwa hiyo lastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Vijana wa Kilosa na Mikumi, wajiandikishapo kwa majina ya kubuni katika mitandao ya intaneti, hudhani wameanzisha jambo jipya. La hasha. Kule Pemba, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy alivuma kwa jina la Kamange, na leo wengi wamjuao Kamange hawamjui Ali.

Katika lakabu zote za malenga wetu, sijaona iliyoipita ile ya Amiri Sudi Andanenga, mshairi asiyeona, aliyejiita Sauti ya Kiza. Ni maneno matatu tu. Mtunzi dhaifu angetanguliza kiza, tukamhurumia. Yeye ametanguliza sauti. Tena hakusema sauti itokayo kizani, bali sauti ya kiza chenyewe, kana kwamba kiza kimepata ulimi. Washairi wa namna hii walijibizana magazetini kwa lakabu zao, na kila mmoja alijulikana ni nani, kwao wapi. Lakabu ilikuwa kilemba, haikuwa barakoa. Kijana atukanaye watu mtandaoni kwa jina lisilo na mwenyewe hana haki ya kujiita mrithi wao.

Jambo jingine lanisikitisha zaidi. Mtambo ukikataa jina kwa kuwa limekwisha kutwaliwa na mwingine, kijana huongeza tarakimu mwishoni, akaridhika. Wilaya ya Kilosa ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, kama yale ya Kimamba. Enzi za ukoloni vibarua wa mkonge walioandikishwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Babu alivishwa namba asiitake. Mjukuu aivaa kwa uvivu wa kutafuta neno la pili. Na Kiswahili hakina uhaba wa maneno! Joseph Mbilinyi, msanii wa Mbeya, aliwahi kujiita Mr. II, baadaye akajulikana kwa jina la Sugu, na hapo ndipo lakabu yake ilipopata mwili: ngozi iliyokomazwa na kazi.

Mikumi ina mfano wake mwenyewe. Joseph Leonard Haule, alipokuwa katika kundi la Hard Blasters, alitumia jina lililokopwa kwa Wamarekani weusi, neno ambalo wao walilinyakua kutoka vinywani mwa waliowatusi. Huko kwao lina historia. Hapa kwetu lilikuwa vazi la mtumba. Kisha akajiita Professor Jay. Wako waliouliza: shahada ameipata wapi? Swali hilo ni la karani, si la mhakiki. Malenga waliojipa cheo cha ustadhi nao hawakudaiwa vyeti. La kuuliza ni kama kazi yake yaubeba ukubwa wa jina. Katika albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, umo wimbo Ndio Mzee, ambamo mgombea amwaga ahadi zisizowezekana na umati waitikia kwa utiifu. Hilo ni somo la uraia lililofundishwa kwa kejeli, nami nakubali kwamba aliyelitoa alistahili kuitwa mwalimu, japo tahajia ya jina imebaki ya kigeni pasipo sababu niionayo.

Mwaka 2015 mtunzi huyo huyo alipanda jukwaani kuomba kura za jimbo la Mikumi, mbele ya watu waliokuwa wakiujua wimbo ule. Alishinda. Bungeni aliandikwa Mheshimiwa Haule. Watu waliendelea kumwita Profesa. Mwaka 2020 kiti kilichukuliwa na mwingine, lakabu akabaki nayo.